Quds ya Kwenye Gemu na Quds ya Kweli





Mwezi huu, baada ya Tarawehe, vijana wetu hapa Kombani hutawanyika. Wengine hubaki msikitini wakamalizie juzuu, wengine hukaa barazani pale steji na kahawa chungu, na wengine huelekea kwenye vibanda vya gemu. Leo sikuja kuwagombeza hao wa mwisho. Nimekuja kuwajibu, kwa sababu mmoja wao alinishika mkono tukitoka msikitini akaniuliza: "Ustadh, ni kweli hawa jamaa wa Aga Khan wa Mombasa ndio wale wauaji wa siri wa Quds? Nimewaona kwenye gemu. Na mwenzangu asema ati mpaka leo wana chama chao chini kwa chini."

Swali hilo si dogo. Tutazame pamoja.

GEMU LENYEWE

Gemu analolisema laitwa Assassin's Creed. Lilitoka mwaka 2007, likatengenezwa na kampuni ya Ubisoft huko Montreal, Kanada. Yamefuata mengine mengi, lakini la kwanza ndilo linalotuhusu, maana limewekwa katika nchi ya Sham mwaka 1191, zama za Salahuddin al-Ayyubi. Anayechezwa ni Altaïr, muuaji wa chama cha siri chenye makao yake kwenye ngome ya Masyaf. Hutumwa Damascus, Akka na Quds kuwaua wakubwa mmoja mmoja, na nyuma ya yote kuna kitu cha ajabu chenye nguvu kinachotafutwa na chama kingine, Matempla, watawa wapiganaji wa Kikristo.

Mji wa Quds umechorwa kwa ufundi, hilo lazima tuseme. Vichochoro vipo, masoko yapo, mapaa ya kurukia yapo. Hapo ndipo mtu anaponaswa. Akiona mji ni wa kweli, hudhani na kisa nacho ni cha kweli.

Lakini hebu litazame jina la huyo shujaa: Altaïr Ibn-La'Ahad. Mwenye Kiarabu kidogo cha madrasa atacheka. Ibn ni mwana, la ahad ni hakuna yeyote. Yaani mwana wa asiyekuwepo! Watunzi wenyewe wamekwambia. Na gemu likifunguka tu huja maandishi yasemayo kuwa hii ni hadithi ya kubuni iliyotokana na matukio ya historia. Lakini nani ana subira ya kuyasoma? Kila mtu abonyeza apite.

YA KWELI NI YAPI?

Watu hao walikuwepo. Ni Maismailia wa tawi la Nizari. Khalifa wa Kifatimi wa Misri, al-Mustansir, alipofariki mwaka 1094, wafuasi wake waligawanyika juu ya mwanawe yupi amrithi. Waliomfuata Nizar wakawa Manizari. Waliomfuata nduguye al-Musta'li, ndiko wanakotokea Mabohora ambao pia twawajua vizuri Mombasa. Huko Uajemi, Hasan bin Sabbah alikuwa ameshaichukua ngome ya Alamut tangu mwaka 1090.

Walikuwa wachache, wamezungukwa na dola kubwa ya Waseljuki, na moja ya silaha zao ilikuwa kuwaua viongozi hadharani. Hatutalificha hilo. Waziri mkubwa Nizamul Mulk aliuawa kwa kisu katika mwezi kama huu, tarehe 10 Ramadhan mwaka 485 Hijria (1092), na wanahistoria wengi huwataja wao. Salahuddin mwenyewe alinusurika mara mbili, mwaka 1175 na 1176. Akaenda kuizingira Masyaf, aliyokuwa akiiongoza Rashiduddin Sinan, kisha akaondoka, na wakaachana.

YALIYOTIWA CHUMVI

Sasa sikiliza. Kwenye gemu, hawa na Matempla ni mahasimu wa milele. Katika historia, Manizari wa Sham walikuwa wakiwalipa Matempla kodi kila mwaka! Ilikuwa siasa ya mnyonge kati ya wenye nguvu.

Ama zile hadithi za mabustani ya siri, na vijana kuleweshwa hashishi ili waone pepo kisha watumwe kuua, zilienezwa Ulaya, hasa na kitabu cha Marco Polo. Lakini Marco Polo alianza safari yake mwaka 1271, na Alamut ilibomolewa na Wamongolia wa Hulagu mwaka 1256. Ameisimulia ngome iliyokwisha kuwa vifusi. Maktaba yake nayo ilipekuliwa na kuchomwa na Juwayni, mwanahistoria aliyekuwa upande wa Hulagu. Kwa hivyo mengi tuyasomayo juu ya watu hao yaliandikwa na maadui zao.

Matempla nao hawakudumu kuwa chama cha siri. Papa Clement wa Tano alikivunja mwaka 1312.

QUDS YENYEWE

Kinachonisikitisha zaidi ni kile ambacho mchezaji hapati kukijua. Mwaka 1099 Wapiganaji wa Msalaba waliingia Quds wakawachinja watu wake, Waislamu na Mayahudi. Msikiti wa Al-Aqswa ukageuzwa kuwa makao ya hao hao Matempla. Nuruddin Zangi akaamrisha mimbari itengenezwe Halab, kwa nia kwamba siku moja itawekwa Al-Aqswa, na mji bado uko mikononi mwa maadui! Alifariki mwaka 1174 kabla ya kuiona siku hiyo.

Mwaka 1187, siku ya 27 Rajab, Salahuddin akaingia. Hakulipiza machinjo ya 1099. Aliafikiana na watu wa mji wajikomboe, dinari 10 kwa mwanamume na 5 kwa mwanamke. Maelfu ya maskini aliwaachia bure, na wengine walioshindwa kulipa wakachukuliwa utumwani, ndivyo vita vya zama hizo vilivyokuwa. Al-Aqswa ikasafishwa, na ile mimbari ya Nuruddin ikaletwa. Ilikaa pale karibu miaka 800 mpaka ilipochomwa moto mwaka 1969.

Hakuna siri hapo. Seremala alichonga mbao, mfalme akaweka nia, mwingine akaitimiza.

JAWABU LANGU

Nilimwambia yule kijana hivi: ndiyo, Maismailia wa Aga Khan ni wa tawi lile la Nizari. Lakini mambo ya Alamut yalikwisha mwaka 1256, na hawa wa leo hawabebi damu ya Nizamul Mulk. Walikuja pwani yetu karne ya 19 kutoka Bara Hindi, wengi wao wafanyabiashara. Hospitali ya Aga Khan Mombasa ipo tangu mwaka 1944, na mlango wake ni wa barabarani, haupo chini kwa chini. Twatofautiana nao katika mambo makubwa ya itikadi, na hilo lina mahali pake pa kuzungumzwa na wenye elimu. Lakini kumpachika mtu uuaji kwa sababu ya gemu ni buhtani.

Sura ya Al-Hujurat yatufunza tuhakikishe habari kabla hatujawadhuru watu kwa ujinga. Al-Maida yatufunza kuwa chuki juu ya watu isitutoe kwenye uadilifu. Sisi wenyewe twajua uchungu wa kuitwa magaidi kwa sababu ya kofia na ndevu. Mara ngapi kijana wetu amesimamishwa pale Likoni ferry akapekuliwa peke yake? Tusiwapimie wengine kipimo tunachokilalamikia.

Yule kijana alinyamaza kidogo, kisha akasema: "Basi Ustadh, na huyo Nuruddin mbona hayumo kwenye gemu?" Nikamwambia aje kesho baada ya Alasiri, tusome habari zake mpaka wakati wa futari. Alikuja, na akaja na mwenzake yule yule wa "chini kwa chini".

Nawe mzazi, mwanao akirudi usiku kutoka kibandani, kabla ya kumfokea muulize amecheza nini. Huenda akawa na swali.

Wabillahi tawfiq. Ramadhan Karim.