Mdudu Mwenye Madoa Mawili: Historia ya Kumtambua Mwenezi wa Milia ya Mahindi

Majina ya vitu hayakosi historia, na mara nyingine historia hiyo hupotosha. Neno mahindi laelekeza fikira Uhindi, ilhali mmea wenyewe asili yake ni Marekani, nao uliletwa Afrika na Wareno katika karne ya 16. Kosa hili halimdhuru mtu. Mkulima wa Usambara huvuna mahindi yake bila ya kujali kwamba jina la zao lake limetaja nchi siyo. Lakini yako majina ambayo kosa lake huleta hasara, nayo ni majina ya wadudu waenezao maradhi ya mazao. Hapo mwenye kukosea jina huenda akamwacha adui akamwandama asiye na hatia. Historia ya vijidudu vya jenasi iitwayo Cicadulina ni mfano mzuri wa jambo hili, tena ni historia ambayo sehemu yake kubwa ilitendeka katika Afrika ya Mashariki.

Mwaka 1901 Claude Fuller, mtaalamu wa wadudu katika serikali ya Natal, aliandika habari za ugonjwa wa mahindi ambao majani yake hupata milia myembamba, myeupe au ya manjano, ifuatayo mishipa ya jani tangu chini hata nchani. Mmea uupatao ugonjwa huu ungali mchanga hudumaa, na pengine hauzai gunzi lifaalo kuvunwa. Fuller aliueleza ugonjwa kwa uangalifu, na maelezo yake yanatambulika hata leo. Lakini kuhusu chanzo chake alikosea, kwani alidhani ni upungufu katika udongo. Dhana hiyo haikuwa ya ajabu kwa wakati ule. Elimu ya virusi ilikuwa changa sana, na mtu aonaye shamba lenye mimea mibovu kando ya mimea mizuri hutazama kwanza ardhi aliyoikanyaga.

Zaidi ya miaka 20 ilipita kabla kosa hilo halijasahihishwa. H. H. Storey, Mwingereza aliyekuwa akichunguza maradhi ya mimea huko Natal, alitangaza mwaka 1924, na kueleza kwa urefu mwaka 1925, kwamba milia ya mahindi huletwa na kirusi, na kirusi hicho huchukuliwa na mdudu mdogo arukaye juu ya majani. Mdudu huyo hakuwa na jina katika elimu. Mwaka huo huo wa 1924 T. J. Naudé, mtaalamu wa wadudu wa Afrika ya Kusini, alimwandika na kumwita Balclutha mbila. Sehemu ya pili ya jina hilo inafanana na neno la Kizulu la mahindi, ummbila. Basi mdudu wa Kiafrika, aliyeishi katika nyasi za mwitu kabla ya muhindi wa kwanza kupandwa barani, aliingia katika vitabu vya elimu kwa jina la nafaka ya kigeni.

Msomaji asiyezoea mambo haya apaswa kukumbushwa kanuni. Tangu siku za Linnaeus, Mswidi wa karne ya 18, kila kiumbe hupewa jina la sehemu mbili. Ya kwanza hutaja jenasi, yaani ukoo wa karibu, na ya pili hutaja spishi, yaani aina moja katika ukoo huo. Nyuma ya majina hayo huandikwa jina la mtu aliyemweleza kiumbe huyo kwa mara ya kwanza. Spishi ikihamishwa kutoka jenasi moja kwenda nyingine, jina la mwandishi wa kwanza halifutwi, bali hutiwa katika mabano. Mwaka 1926 W. E. China, wa makumbusho ya elimu ya viumbe ya London, aliunda jenasi mpya ya Cicadulina, na mdudu wa Naudé akapata nafasi yake humo. Tangu hapo ameandikwa Cicadulina mbila (Naudé). Mabano hayo mawili ni kumbukumbu ndogo ya safari yake.

Wadudu wa jenasi hii si panzi, ingawa mkulima huweza kuwaita hivyo kwa sababu ya kuruka kwao. Panzi hutafuna, na hawa hufyonza. Wana mdomo kama sindano wautiao ndani ya jani wapate kunywa utomvu. Urefu wao ni kama milimita 3 tu. Rangi yao ni ya manjano iliyofifia, na mbele ya kichwa wana madoa mawili meusi ya mviringo. Kwa madoa hayo mtu mwenye macho mazuri huweza kuitambua jenasi. Lakini shida huanzia hapo hapo: alama iitambulishayo jenasi haitoshi kuitenga spishi moja na nyingine, maana karibu wote huwa nayo.

Mwaka 1928 Storey alihamia Amani, katika milima ya Usambara. Wajerumani walikuwa wameanzisha pale, mwaka 1902, kituo cha uchunguzi wa viumbe na kilimo, na Waingereza walikirithi baada ya Vita Kuu ya Kwanza. Huko Amani Storey aliendelea na mdudu wake, akagundua jambo ambalo lilitikisa imani ya wale waliodhani kwamba ukishajua jina la mdudu umejua tabia zake zote. Aliona kwamba katika spishi moja ya Cicadulina mbila wamo wadudu wawezao kueneza ugonjwa na wamo wasioweza kabisa, hata wakinyonya mmea mgonjwa kwa muda mrefu. Kwa macho hawana tofauti. Alipowazalisha kwa kuwachagua, alipata kizazi chenye uwezo na kizazi kisicho nao, na mwaka 1932 alionyesha kwamba uwezo huo hurithiwa, tena hufuata jinsia. Dume mwenye uwezo akipandana na jike asiye nao, watoto wote wa kike hupata uwezo huo na watoto wa kiume hukosa. Hali ikigeuzwa, jike wa kizazi chenye uwezo akipandana na dume asiye nao, watoto wote, wa kike na wa kiume, huwa nao. Hii ndiyo njia ya urithi ambayo mtu huitazamia iwapo jeni husika imo katika kromosomu ya jinsia na nguvu yake hushinda.

Mwaka 1933 alitoa jibu la swali lililofuata. Kwa nini mdudu mmoja ashindwe na ndugu yake aweze? Storey alimtoboa kwa sindano nyembamba mdudu asiye na uwezo, akaupasua utumbo wake. Mdudu huyo alipopona jeraha, aliweza kueneza ugonjwa kama wengine. Basi kizuizi kilikuwa katika ukuta wa utumbo. Kwa mwenye uwezo kirusi hupenya kutoka tumboni hadi damuni, na kutoka damuni hufika katika tezi za mate, na kwa mate huingia katika jani lingine. Kwa asiye na uwezo njia hufungwa mlangoni. Majaribio haya yalifanywa katika kituo kilichokuwa mbali na vyuo vikuu vya Ulaya, nayo yamehesabiwa katika misingi ya elimu ya virusi vya mimea.

Wakati huo huo orodha ya jenasi ilizidi kurefuka. China alieleza spishi nyingine kutoka Afrika ya Mashariki na penginepo, na mwaka 1936 moja kati yao aliiita Cicadulina storeyi kwa heshima ya mchunguzi wa Amani. R. G. Fennah aliongeza nyingine mwaka 1959, na M. S. K. Ghauri aliipitia upya sehemu ya jamaa ya Kiafrika mwaka 1961. Mwaka 1965 R. F. Ruppel alitoa Marekani mapitio ya jenasi nzima, na katika kazi hiyo aliandika spishi mpya aliyoiita Cicadulina triangula. Kila mmoja wao alisaidia, lakini kila mmoja pia aliacha mafumbo kwa aliyemfuata. Waandishi wa kwanza walitegemea sana rangi na madoa, na rangi ya mdudu hubadilika kwa umri na kwa namna alivyohifadhiwa.

Wahenga walisema: nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Ndivyo ilivyolazimu kutendeka. Mtambuzi hukata tumbo la mdudu dume, akalitia katika maji ya potasi yachemkayo mpaka nyama ilainike, akaliosha, kisha akaliweka katika gliserini chini ya hadubini. Ndipo huonekana viungo vya uzazi, ambavyo ni vigumu na vina umbo lisilobadilika ovyo. Mahali ambapo spishi mbili zimefanana kwa uso, kiungo cha dume cha spishi moja huwa kimepinda, na cha nyingine huwa na miiba au nchi ya namna yake. Njia hii ni ya hakika, lakini ina kasoro kubwa. Majike hayana viungo hivyo, nayo hueneza ugonjwa vile vile. Mchunguzi aliyekamata majike peke yao shambani mara nyingi alibaki na kundi la wadudu wasio na jina la hakika.

Hasara ya jambo hili haikuwa ya makumbusho tu. Mtu akiandika kwamba spishi fulani hueneza milia, na baadaye ikajulikana kwamba alichanganya spishi mbili katika kizimba kimoja, majaribio yake yote huingia shaka. Kama alihifadhi baadhi ya wadudu wake, kosa laweza kusahihishwa hata baada ya miaka 50. Kama aliwatupa, kazi yake hubaki hadithi isiyo na shahidi. Ndiyo maana kisanduku cha wadudu waliokauka, kila mmoja na sindano yake na kikaratasi chenye mahali na tarehe, ni hati ya historia sawa na barua au daftari la kodi.

Mwaka 1987 M. D. Webb, wa makumbusho yale yale ya London alikofanya kazi China, alitoa makala ya utambuzi ambayo yaliweka mambo mengi sawa. Alizichunguza upya namna zilizohifadhiwa na waandishi wa kwanza, akalinganisha madume, na akatafuta alama za kuyatambua majike pia. Hesabu ya spishi ilisimama kwenye 22 hivi, na nyingi katika hizo, kama 18, hupatikana Afrika. Baadhi ya majina yaliunganishwa. Cicadulina triangula ya Ruppel ilionekana kuwa ndiyo ile ile storeyi ya mwaka 1936. Basi kwa kanuni jina la kwanza likashinda. Mwaka huo huo Z. T. Dabrowski alieleza spishi nyingine, akaiita ghaurii kwa kumkumbuka Ghauri.

Muungano huo wa majina ulikuwa na maana kubwa kwa wakulima ingawa wao hawakupata habari yake. Katika taasisi ya kimataifa ya kilimo cha nchi za joto, huko Ibadan, Nigeria, wachunguzi walikuwa wakifuga wadudu kwa maelfu katika vizimba, wakiwalisha mimea migonjwa, kisha wakiwaachia juu ya miche ya mahindi ili kuchagua ile istahimiliyo milia. Mdudu waliyemfuga walimwita triangula. Baada ya majina kuunganishwa, yote yaliyojulikana Ibadan juu ya triangula yaliweza kusomwa pamoja na yote yaliyojulikana Afrika ya Mashariki juu ya storeyi. Hazina mbili zilizokuwa katika masanduku mbalimbali zikawa moja. Kazi ya kutafuta mahindi yenye ustahimilivu nayo ilikuwa na mizizi Afrika ya Mashariki, kwani Storey na A. K. Howland walitoa mwaka 1967 uchunguzi wao juu ya namna ustahimilivu huo unavyorithiwa. Wakati huo kituo cha Amani kilikuwa kimekwisha kuhamishiwa Muguga, karibu na Nairobi. Storey alifariki mwaka 1969.

Kirusi chenyewe kilikawia kuonekana. Mwaka 1974 K. R. Bock na wenzake wa Muguga walikitakasa na kukionyesha kwa hadubini ya elektroni: chembe mbili mbili zilizoshikamana kama pacha. Hapo mnyororo ulikamilika, kutoka milia ya jani hadi mdudu, na kutoka mdudu hadi kirusi. Lakini hata sasa si spishi zote za jenasi zinazoeneza ugonjwa. Zilizothibitishwa ni chache kuliko nusu, na mbila ndiyo yenye sifa mbaya kuliko zote, kwa sababu imeenea mahali pengi na wengi katika wazawa wake wana uwezo ule alioupima Storey.

Katika historia hii yote, Fuller aliona milia akakosa mdudu. Storey aliona mdudu, na akaona kwamba hata jina sahihi halisemi yote. China na waliomfuata walitoa majina, na Webb akayapunguza yaliyozidi. Hakuna aliyeweza kumaliza kazi peke yake, na kila mmoja alisahihishwa kwa sababu mwenziwe aliyetangulia alihifadhi alichokiona. Mkulima aendaye shambani asubuhi akakuta mche wenye milia hamjui hata mmoja wao. Mbegu istahimiliyo aliyoipanda msimu huu, hata hivyo, ilipita kwanza katika vizimba vya mdudu mwenye madoa mawili, baada ya watu kujua kwa hakika ni mdudu gani waliyemfungia humo.