Reli Isiyo na Mataruma: Kuhifadhi Vyombo Vikuukuu vya Reli Mkoani Mara



1.0 Utangulizi

Anayezungumzia urithi wa reli mjini Musoma ataulizwa mara moja: reli ipi? Swali hilo ni la haki. Reli kutoka Tabora ilifika Mwanza mwaka 1928 ikakomea hapo. Musoma, Bunda na Butiama hazijafikiwa na garimoshi hadi leo. Hata hivyo, hoja yangu ni kwamba Mkoa wa Mara una historia yake ya reli, na kwamba historia hiyo iko hatarini kwa sababu imo katika vitu viwili ambavyo aghalabu hatuvihesabu kuwa mambo ya kale: chuma kikuukuu na msamiati wa kazi.

2.0 Reli juu ya maji

Reli ya Uganda ilianza kujengwa Mombasa mwaka 1896, ikafika Kisumu Desemba 1901. Haikuishia ufukweni. Mamlaka ile ile ya reli iliendesha meli za Ziwa Viktoria, nazo zilikuwa mali ya reli sawa na behewa. Ziliundwa Uskoti, zikafunguliwa vipande vipande, zikaletwa Mombasa kwa bahari na Kisumu kwa reli, kisha zikaungwa upya. Miongoni mwake zilikuwamo meli pacha, Winifred na Sybil, kazi ya kiwanda cha Bow, McLachlan cha Paisley.

Sybil ndiyo inayotuleta Mara. Vita vilipozuka mwaka 1914, meli za reli zilipachikwa mizinga. Novemba mwaka huo Sybil iligonga mwamba huko Majita, kusini mwa Musoma, katika nchi iliyokuwa mikononi mwa Wajerumani, ikaachwa hapo. Mei 1915 Waingereza walituma kikosi, wakaikwamua. Hawakufanya hivyo kwa kupenda mambo ya kale. Kuipata meli nyingine kulihitaji kuvusha vipande vyake baharini wakati wa vita. Kadhalika meli ya Liemba, iliyozamishwa na Wajerumani katika Ziwa Tanganyika mwaka 1916, iliibuliwa mwaka 1924 na kurudi kazini mwaka 1927. Chuma kiliokolewa kwa kuwa kilihitajika. Je, kisipohitajika tena?

3.0 Maneno yaliyosafiri

Wanafunzi wa lugha wana sababu yao ya kujali. Tazama neno taruma. Kwa waunzi wa majahazi, taruma ni ubao unaotia nguvu ubavu wa chombo. Reli ilipokuja, neno lilipanda nchi kavu likalala chini ya vyuma. Behewa, kabla ya kuwa chumba cha treni, lilikuwa sehemu ya ndani ya nyumba ya Mwambao. Meli lenyewe limetokana na neno la Kiingereza lenye maana ya barua, kwa kuwa chombo cha moshi ndicho kilicholeta posta.

Katika Ziwa Viktoria safari hiyo ya maneno ilikamilika. Meli ya Umoja, iliyoundwa katika miaka ya 1960, iliwekewa reli sitahani ili ibebe mabehewa. Msamiati wa jahazi uliopanda reli ukarudi majini pamoja na treni. Hilo halisomeki katika kamusi peke yake. Sharti uione sitaha ile.

4.0 Sheria na mizani

Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 iliweka mwaka 1863 kuwa mpaka: kifaa kilichotengenezwa kabla yake kinalindwa chenyewe. Mlango wa mbao wenye nakshi ulipewa nafasi zaidi, hadi mwaka 1940. Vyombo vya reli, vilivyokuja baadaye vyote, vinabaki nje, isipokuwa Waziri avitangaze. Hivyo mlango wa mwaka 1939 una mlinzi, ilhali tanuri la meli ya mwaka 1903 linaweza kupimwa kwa kilo mizanini mwa mnunuzi wa chuma chakavu.

Majirani zetu walichukua njia nyingine. Makumbusho ya Reli ya Nairobi yalifunguliwa mwaka 1971. Humo mna injini kubwa za mvuke ziitwazo Mount Gelai na Mount Shengena. Gelai na Shengena ni milima ya Tanzania. Majina yake yamehifadhiwa ugenini.

5.0 Hitimisho

Sidai kwamba kila msumari uwekwe kabatini. Napendekeza mambo mawili. Kwanza, Waziri autumie uwezo aliopewa na sheria, angalau kwa vyombo vichache vya ziwa letu. Butiama kuna Makumbusho ya Mwalimu Nyerere tangu mwaka 1999. Mkoa hauanzi bila nyumba ya kuhifadhia kumbukumbu. Pili, kila chombo kiandikwe pamoja na majina ya sehemu zake, kama mafundi na mabaharia wanavyoyatamka.

Jambo hili la pili halisubiri. Shirika la Reli la Afrika Mashariki lilivunjika mwaka 1977. Kijana aliyekuwa kazini wakati huo akiwa na miaka 20, leo anakaribia 70. Sybil ilikaa mwambani miezi sita ikafuatwa. Mzee huyu hatukwami mwambani. Yuko nyumbani kwake, na bado tunaweza kumbishia hodi.