Umri wa Bendi na Sikio la Msikilizaji

Februari 2023 bendi ya Yo La Tengo ya mji wa Hoboken, New Jersey, ilitoa albamu ya This Stupid World, na wahakiki wakaipokea kwa sifa tele. Katika sifa hizo hoja moja ilijirudia: inakuwaje bendi iliyoanza 1984 iwe bado na moto namna hii? Mpiga gitaa Ira Kaplan na mkewe Georgia Hubley, mpiga dramu, wamo tangu mwanzo. Mpiga besi James McNew aliungana nao mapema miaka ya 1990.

Kwa masikio ya Dar es Salaam, swali hilo ni geni. Bendi ya muziki wa dansi ya Msondo Ngoma ilizaliwa 1964 ikiitwa NUTA Jazz, ikabadili jina kila chama cha wafanyakazi kilichoimiliki kilipobadili lake: JUWATA, kisha OTTU. Mashabiki wanaiita Baba ya Muziki. Kwao ukongwe ni cheo. Roki ilikulia mikononi mwa vijana, ndiyo maana mwanamuziki wake mwenye mvi hutakiwa kueleza kwa nini bado yuko jukwaani.

Waamuzi nao ni tofauti. Marekani hukumu huandikwa, na albamu mpya hupimwa kwa zile za nyuma. Kaplan mwenyewe aliandika uhakiki wa muziki kabla ya kuunda bendi, hivyo anaijua mizani hiyo kwa pande zote mbili. Kwetu hukumu hutolewa kwa miguu. Wimbo ukikolea, watu huacha viti. Aliyeguswa zaidi hupita mbele kumtunza mwimbaji. Ukipooza, hubaki mezani wakipiga soga.

Tusikilize wimbo wa kwanza wa albamu, "Sinatra Drive Breakdown", wa zaidi ya dakika saba. Besi na dramu hushika mwendo mmoja na kuung'ang'ania. Juu yake gitaa la Kaplan linakwaruza, linafoka, linatulia, linafoka tena, huku waimbaji wakiimba kwa sauti ya chini kama watu wasiotaka kumwamsha mtoto. Aliyezoea chemko, ile sehemu ya wimbo wa dansi inayochangamka, atautambua msingi huo usioyumba. Atakachokikosa ni mazungumzo ya magitaa. Katika chemko, solo huuliza, rithimu hujibu, besi hupita katikati yao. Hapa gitaa moja limebeba ghadhabu yote.

Albamu hiyo waliirekodi wenyewe, bila mtayarishaji wa nje, na wahakiki wengi waliusifu ubichi wake. Hapo mapokeo haya mawili yanakaribiana. Enzi za Radio Tanzania, wimbo wa dansi ulifika studio ukiwa umeshachezwa ukumbini na umeshanyooshwa na wachezaji. Mazoea ya kupiga pamoja ndiyo yanayosikika katika rekodi za pande zote mbili.

Lakini mapokeo ya dansi yana kitu ambacho roki haikukipa jina: mtindo, yaani namna ya kupiga na kucheza inayoitambulisha bendi. Mwimbaji Muhidin Gurumo alitoka Msondo, akawa miongoni mwa waanzilishi wa bendi ya Mlimani Park mwaka 1978, na miaka ya baadaye akarudi Msondo. Sikinde, mtindo wa Mlimani Park, ulibaki huko hata alipoondoka. Ni nyumba ambayo watu huhamia na kuhama. Kwa Yo La Tengo, watu watatu ndio nyumba yenyewe; akitoka mmoja, sijui paa litashikwa na nini. Kwa hiyo Mlimani Park tuipime kwa uhai wa mtindo, na Yo La Tengo tuipime kwa namna watatu hao wanavyosikilizana leo. Kwa kipimo hicho albamu imefaulu: katika dakika zote saba za wimbo ule, dramu haimkimbilii Kaplan anapofoka, wala haimwachi.

Mhakiki anayeduwazwa na umri hausikii wimbo vizuri. Ukumbi unaodai zilipendwa tu nao hausikii, na kosa hili la pili ni letu. Gurumo alipofariki Aprili 2014, tuliandika rambirambi za heshima kubwa. Natamani tungeandika kwa bidii ileile kila alipotoa wimbo mpya: ubeti upi umelegea, gitaa lipi limepata njia mpya, sauti imebadilika wapi. Angeweza kusoma, akatujibu kwa wimbo mwingine.