Nani Alilipia Masomo Yetu?

Watu wa rika langu hupenda kuwaambia vijana kwamba zamani elimu ya chuo kikuu ilikuwa bure. Usemi huo si sahihi. Hakuna wakati ambapo elimu ya juu katika nchi hii haikulipiwa. Kilichokuwa kikibadilika ni nani aliyelipa, alilipa lini, na alidai nini baadaye. Naona ni vema tulipitie jambo hili hatua kwa hatua, kwani Chama chetu cha wanafunzi wa zamani kinafikiria kuanzisha mfuko wa kuwasaidia vijana wanaomaliza Kidato cha Sita, na wapo wenzetu wanaopinga kwa kusema, "Sisi hatukusaidiwa na mtu."

Wakati wa ukoloni Tanganyika haikuwa na chuo kikuu. Kijana aliyefaulu ilimbidi aende Makerere, Uganda, au ng'ambo. Mwalimu Nyerere alisoma Makerere kuanzia 1943 hadi 1945, kisha Edinburgh kuanzia 1949 hadi 1952. Waliopata nafasi kama hiyo walihesabika kwa vidole. Gharama zilibebwa na serikali ya kikoloni, na misheni, na mara nyingine na ukoo uliouza ng'ombe. Vyama vya ushirika vya wakulima wa kahawa navyo vilichangia kusomesha vijana. Kwa hiyo hata kabla ya Uhuru, jembe la mkulima lilikuwa limekwisha kumnunulia msomi kitabu.

Tarehe 25 Oktoba 1961, wiki chache tu kabla ya Uhuru, chuo kikuu kilifunguliwa Dar es Salaam katika jengo la TANU, kikiwa na wanafunzi 13 wa sheria. Mwaka 1964 kilihamia Mlimani. Mwaka huo huo Serikali ilifuta ada katika shule za sekondari, na wanafunzi wa chuo wakawa wanasomeshwa kwa makubaliano kwamba wakihitimu wataitumikia Serikali kwa miaka mitano. Hapo fedha zilitangulia, na malipo yakafuata kwa njia ya kazi.

Makubaliano hayo yalitiwa katika mtihani mkubwa mwaka 1966. Tarehe 22 Oktoba wanafunzi waliandamana kupinga mpango wa Jeshi la Kujenga Taifa uliowataka watumike kwa miezi 18 wakipata asilimia 40 tu ya mshahara. Karibu wanafunzi 400 walifukuzwa. Mwalimu naye akapunguza mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20. Alikwisha kumfananisha msomi na mtu aliyepewa chakula chote cha kijiji chenye njaa, ili apate nguvu za kwenda mbali kuwaletea wenzake chakula. Asiporudi, huyo ni msaliti. Wengi wa waliofukuzwa walirudishwa masomoni baadaye, lakini swali la msomi anadaiwa nini na wale ambao hawakusoma lilibaki palepale.

Novemba 1974 likaja Azimio la Musoma. Kijana hakuruhusiwa tena kutoka Kidato cha Sita na kuingia chuo kikuu moja kwa moja. Ilimpasa kwanza apite JKT, kisha afanye kazi kwa miaka isiyopungua miwili, na apate sifa njema kwa mwajiri wake na kwa Chama tawala. Mimi ni zao la Azimio hilo. Nilimaliza shule yetu hii mwaka 1978, nikaenda JKT, nikawa karani katika ofisi moja ya wilaya, na mwaka 1981 nikaingia Mlimani. Nilisafiri kwa waranti ya treni. Nilipofika nilikuta kitanda, chakula na posho ya vitabu. Baba yangu, mkulima wa pamba, hakuombwa hata senti moja ya ada. Lakini pamba yake alikuwa akiiuza kwa bei iliyopangwa na wakubwa, na sehemu ya jasho lake ilifika Mlimani kabla yangu. Baba alinilipia, ila hakupewa stakabadhi.

Azimio lile lilikuwa na upungufu wake. Wengi waliokwisha kuzoea mshahara au kuanza familia hawakurudi masomoni, hasa wanawake, hata ikabidi wanawake waondolewe sharti hilo. Kisha uchumi ukayumba. Vita vya Kagera vya 1978 na 1979, bei ya mafuta na uhaba wa fedha za kigeni viliibana Serikali. Mwaka 1992 ulianza mpango wa uchangiaji, kwanza nauli na gharama ndogondogo za usajili, baadaye chakula na malazi, ambavyo Serikali ilianza kuvikopesha. Sheria Namba 9 ya 2004 ikaunda Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, iliyoanza kazi Julai 2005. Marekebisho ya 2016 yalipandisha makato ya mdaiwa aliyeajiriwa kutoka asilimia 8 hadi 15 ya mshahara. Mwaka 2021 tozo ya asilimia 6 ya kulinda thamani ya mkopo ilifutwa.

Basi, wadogo zangu mlioko madarasani, yapo mafunzo matatu hapa. Kwanza, kuchaguliwa chuo na kupata mkopo ni mambo mawili tofauti. Moja halileti lingine. Pili, mkopo hutolewa kwa kupima uhitaji, na uhitaji huthibitishwa kwa karatasi. Cheti cha kuzaliwa, au cheti cha kifo kwa aliyefiwa na mzazi, kitafutwe na kuhakikiwa mkiwa Kidato cha Tano, si wiki ya mwisho ya maombi. Tatu, kaeni na wazazi mapema mpige hesabu ya sehemu ambayo mkopo hautaigusa, maana si kila mwombaji hupewa asilimia mia.

Na ninyi wenzangu mnaopinga mfuko, nawaomba mtazame pale mzigo unapoangukia siku hizi. Kijana huripoti chuoni akihitaji nauli, fedha za usajili, godoro na chakula kabla fedha za mkopo hazijamfikia. Sisi tulivuka kijito hicho kwa waranti na bwalo la chakula. Yeye hana daraja. Mfuko wetu hauna haja ya kushindana na Bodi. Utoe fedha za kuripoti na mwezi wa kwanza tu, kwa vijana wachache ambao walimu watawathibitisha, na kila aliyesaidiwa amsaidie mwingine akipata kazi.

Tulisomeshwa na watu ambao hatukuwaona na ambao wengi wao hawakukanyaga sekondari. Deni hilo halikatwi katika mshahara wa mtu, wala hakuna bodi itakayotudai. Dawa ya deni ni kulipa.