Farasi wa Hollywood na daktari wa Mathari

Mwaka 1953 Shirika la Afya Duniani lilichapisha kitabu kuhusu akili ya Mwafrika, katika afya na katika maradhi. Mwandishi wake, Dk. J. C. Carothers, alikuwa ameiongoza hospitali ya wagonjwa wa akili ya Mathari, Nairobi, kuanzia 1938 hadi 1950. Alidai kwamba sonona ni ugonjwa wa nadra kwa Waafrika. Wagonjwa wa aina hiyo hakuwaona wengi wodini kwake, na sababu akaitafuta ndani ya vichwa vyetu: Mwafrika, kwa maelezo yake, hana desturi ya kujihukumu, basi ataugua vipi maradhi ya kujilaumu? Miaka miwili kabla ya kitabu hicho alikuwa ameandika makala akimfananisha Mwafrika wa kawaida na Mzungu aliyefanyiwa lobotomia, yaani upasuaji wa kukata nyuzi zinazounganisha sehemu ya mbele ya ubongo na sehemu nyingine.

Mimi neno lobotomia sikulikuta kwanza kwenye historia ya Kenya. Nililikuta kwenye katuni.

BoJack Horseman ilianza kuoneshwa Netflix Agosti 2014 na ikaisha Januari 2020, baada ya misimu 6. Muundaji wake ni Raphael Bob-Waksberg, na sura za wahusika zilibuniwa na mchoraji Lisa Hanawalt. Ni vichekesho vya watu wazima, katika dunia ambamo wanyama na binadamu wanaishi mtaa mmoja bila mtu kushangaa: paka ni wakala wa waigizaji, mbwa ni nyota wa televisheni. BoJack mwenyewe ni farasi aliyevuma miaka ya 1990 kwa kipindi cha familia. Sasa ana nyumba kubwa mlimani, anakunywa kuanzia asubuhi, ana mdomo mwepesi wa kejeli, na hajipendi hata kidogo. Netflix iliingia Tanzania Januari 2016, lakini huku Misungwi wengi wetu tuliipata kwenye flashi iliyopita mikono mingi.

Katika msimu wa nne tunarudishwa miaka ya Vita Kuu ya Pili, kwa bibi yake BoJack, anayeitwa Honey. Mwanawe wa kiume, Crackerjack, anafia vitani. Honey anashindwa kunyamaza. Analia mbele za watu, anakunywa, anaharibu sherehe ya wengine kwa huzuni yake. Mumewe, mwanamume wa zama zake, hajui la kufanya na mwanamke anayelia, hivyo anampeleka akafanyiwe lobotomia. Anarudi nyumbani na kovu kichwani, mpole, mtupu. Binti yake mdogo, Beatrice, anaagizwa asije akampenda mtu kiasi hicho. Beatrice anatii, anakuwa mama baridi, na mtoto anayelelewa katika baridi ile ni BoJack.

Weka hadithi hiyo kando ya maandishi ya Carothers uone kinachotokea. Marekani, katika miaka hiyohiyo, mwanamke anakatwa ubongo ili aache kuomboleza. Daktari aliyefanya kazi Nairobi anaandika kwamba sisi hatusononi kwa sababu tuko kama watu waliokwisha kukatwa. Hadithi ya Honey ni ya kubuni, lakini upasuaji ulikuwa wa kweli: mwaka 1949 Mreno Egas Moniz alipewa Tuzo ya Nobel kwa kuuanzisha. Kote kuwili, aliyeamua huzuni ni nini hakuwa yule aliyekuwa nayo.

Carothers alikosea, na jibu lilitoka kwenye pwani ya ziwa letu. Mwaka 1979 John Orley na John Wing walichapisha matokeo ya utafiti wa vijiji viwili vya Uganda. Waliwafuata watu majumbani, wakawahoji kwa utaratibu uleule uliotumika kwa wanawake wa Camberwell, mtaa wa London. Sonona ilionekana zaidi Uganda kuliko London. Kilichobadilika ni mahali pa kutazama: Carothers aliwahesabu waliofikishwa Mathari, na aliyefikishwa Mathari mara nyingi alikuwa mtu aliyesumbua wengine. Mwanamke anayelala mchana kutwa na kukataa uji hamsumbui mkuu wa wilaya.

Kisha likaja jambo kubwa zaidi. Wilaya za Rakai na Masaka, magharibi mwa Ziwa Viktoria, zilikuwa zimepigwa vibaya na UKIMWI, ugonjwa ambao kwa upande wetu uligunduliwa kwanza Kagera mwaka 1983. Watafiti walioongozwa na Paul Bolton hawakuanza na orodha ya dalili kutoka Ulaya. Waliwauliza wanakijiji: janga hili limewaletea matatizo gani, na mnayaitaje? Wanakijiji walitaja hali mbili kwa Kiganda. Moja ni okwekubazida, kujisikitikia. Nyingine ni yo'kwekyawa, kujichukia.

Kujichukia. Lile ambalo Carothers alisema hatuna, watu wa Rakai walikuwa nalo pamoja na jina lake, katika lugha ambayo hakuna daktari aliyewafundisha.

Utafiti huo uliendelea hadi kwenye tiba. Watu wa vijiji 30 walishiriki, na katika nusu ya vijiji hivyo viliundwa vikundi vilivyokutana kila wiki kwa wiki 16, vikiongozwa na wenyeji waliofundishwa kwa wiki mbili tu. Walizungumza kuhusu msiba, ugomvi, upweke, maisha yaliyopinduka ghafla. Matokeo yalichapishwa 2003. Kabla ya kuanza, asilimia 86 ya waliokuwa kwenye vikundi walikuwa na dalili za sonona kali. Baadaye walibaki asilimia 6.5. Kwa wasiopewa vikundi, asilimia 54.7 walikuwa bado nayo. Naomba msomaji azikumbuke namba hizi, kwa sababu nitazirudia.

Sasa tuseme juu ya kicheko. Mgeni akifika msibani Usukumani anaweza kudhani watu wetu hawana huzuni. Maiti iko ndani, akina mama wamekaa chini, na nje mjukuu wa marehemu amevaa koti la babu yake, ameshika fimbo yake, anatembea kwa kuchechemea kama yeye na kuwadai watu madeni ya uongo. Mtani mwingine anajilaza kaburini na kukataa kutoka mpaka apewe hela. Watu wanacheka huku machozi yanawatoka. Wajukuu ni watani, mabinamu ni watani, mashemeji pia. Na nje ya ukoo kuna makabila, kama Wazaramo, ambao utani wao na Wanyamwezi na Wasukuma unahusishwa na misafara ya wapagazi kwenda pwani katika karne ya 19. Haya yaliandikwa zamani. Mwaka 1944, Carothers akiwa bado Mathari, R. E. Moreau, mtaalamu wa ndege wa kituo cha Amani kule Usambara, alichapisha makala ya kitaaluma kuhusu utani wa Tanganyika.

Mtani ana kazi maalumu. Anasema lile ambalo mfiwa hawezi kulisema: kwamba marehemu alikuwa bahili, kwamba kifo kinachukiza, kwamba sote tunaogopa. Na analisema kwa ruhusa. Mfiwa halazimiki kuchekesha wala kujikaza. Mwingine amebeba kicheko, yeye amebaki na kilio.

Kwa macho hayo nilitazama kipindi cha sita cha msimu wa tano, kiitwacho Free Churro, kilichotoka Septemba 2018. Beatrice amekufa. BoJack anasimama kando ya jeneza, na kwa karibu kipindi kizima, zaidi ya dakika 20, ni yeye tu anayezungumza. Anatupa mzaha, mpiga kinanda anausindikiza. Anaomba jeneza ligonge mara moja kama mama yake alimpenda. Anasimulia alivyoingia mgahawani siku ile, muuzaji akamuuliza hali, akajibu kwamba mama yake amefariki. Msichana yule akalia na kumpa andazi la bure. Mgeni wa dukani alimwonesha huruma ambayo mama yake hakuwahi kumwonesha. Kisha anarudi kwenye maneno ya mwisho ya Beatrice. BoJack alidhani alimwambia kwamba anamwona, hatimaye, baada ya miaka hamsini na ushee. Akiwa katikati ya hotuba anang'amua kwamba mama yake alikuwa anasoma kibao cha wodi ya wagonjwa mahututi: herufi ICU, zikitamkwa kwa Kiingereza, husikika kama "nakuona".

Wachambuzi wa Marekani walikisifu kipindi hiki kwa uandishi wake. Mimi niliona mtu asiye na watani. BoJack ni mfiwa na mtani kwa wakati mmoja. Analia, halafu yeye mwenyewe anakimbilia kuchekesha kabla machozi hayajafika. Mwishoni anainua macho kuwatazama waombolezaji, na kumbe ni mijusi watupu asiowajua. Ameingia chumba kisicho chake.

Kuna mizaha ya aina mbili, basi, na kwa mbali zinafanana. Mzaha wa mtani unamfungulia mwenye huzuni mlango. Mzaha wa BoJack unaufunga, ili mtu asiingie. Daktari wa 1953 asingeweza kuzitofautisha, na hata kijiwe cha bodaboda cha stendi ya Misungwi leo hakitofautishi kirahisi.

Nakitaja kijiwe hicho kwa sababu binamu yangu, mtoto wa shangazi, ndiye mchekeshaji wake. Shangazi alifariki 2021. Watani walifanya kazi yao, wakala, wakaondoka; tanga likaanuliwa. Utani wa msibani una siku zake, nazo si nyingi. Binamu alirudi kijiweni na mizaha mipya kila siku. Ukimsalimu kwa Kisukuma, anajibu kama kila mtu: mhola duhu, salama tu. Salamu yetu haina nafasi ya jibu jingine.

Desemba moja nikiwa likizo tulitazama pamoja kipindi cha sita cha msimu wa nne, mimi nikimtafsiria. Ndani yake tunaisikia sauti iliyo kichwani mwa BoJack tangu anapoamka: ikimtukana, ikimwita takataka, ikimwamuru ainuke, ikimtukana tena kwa kuwa ameinuka. Binamu alisimamisha picha.

"Dada, huyo aliyeandika hii, nani alimwambia?"

"Alimwambia nini?"

"Hiyo sauti. Mimi huniamsha saa tisa usiku."

Mimi na yeye ni watani, nikatumia haki yangu. Nikamwambia sauti hiyo haina adabu, hata muadhini hungoja alfajiri. Akacheka kweli, si kicheko cha kijiweni, kisha akazungumza mpaka kompyuta ikaisha chaji. Miezi mingi halali usingizi mzima. Chakula hakina ladha. Abiria akishuka, anakaa juu ya pikipiki na kusahau alikuwa anaelekea wapi.

Kipindi kile kinaishia kwa msichana Hollyhock, ambaye BoJack wakati huo anaamini ni binti yake. Anamuuliza kama sauti ya namna hiyo huisha mtu akikua. BoJack anamjibu kwamba huisha, na mtazamaji anajua anadanganya kwa upendo. Binamu alipoumaliza mwisho huo siku iliyofuata, aliniuliza swali lilelile: inaisha?

Nilimpa namba za Rakai na Masaka. Nilimwambia kwamba upande wa pili wa ziwa hili, watu waliozika wake, waume na watoto walikaa kwenye vikundi wiki 16, na wengi wao walipata nafuu kubwa. Na kwamba hata wasiopewa msaada, baadhi yao walipata nafuu. Sikumwambia huisha kwa wote. Wiki hiyo alikwenda hospitali, akapewa dawa na tarehe za kurudi kuzungumza. Msimu wa mwisho, mwandishi Diane anaanza dawa za sonona na kunenepa, na binamu alifurahi sana kuona hivyo. Alisema angalau kuna mtu mwingine amebanwa na suruali. Bado anachekesha kijiwe. Bado kuna usiku anaamka saa tisa, ila sasa hunitumia ujumbe.

Vijana wengi tuliosoma husema sonona ni neno la hospitalini, la semina. Lakini kusonona ni kitenzi cha Kiswahili cha siku nyingi: moyo unasonona, yaani unauma kwa majonzi. Wakati Carothers anafanya kazi Nairobi, akizungukwa na watu wanaosema Kiswahili, neno lilikuwepo. Waliofika Rakai miaka karibu hamsini baadaye walifanya kazi bora kuliko yake kwa sababu rahisi: waliuliza kwanza watu wanasemaje.

Katuni ya farasi haikutuletea huzuni kutoka Marekani, na haitatuponya. Kwa binamu yangu ilifanya kazi moja, ambayo zamani ilifanywa na mjukuu mwenye koti la marehemu: ilisema jambo kwa sauti, kwa mzaha, kabla yeye hajalazimika kulisema. Baada ya hapo ilitakiwa kuwe na mtu wa kumuuliza swali la pili, baada ya mhola.