Neno Delirium

Mwaka 1971, nikiwa mwanachuo wa ualimu, nilishikwa na malaria ikanipanda kichwani. Haya nasimulia kwa kusimuliwa, maana mwenyewe sikumbuki: nilitoka bwenini usiku wa manane, nikasimama uwanjani, nikawa naita majina ya wanafunzi wa darasa lisilokuwapo. Siku ya tano homa ilishuka, nikaomba uji.

Cheti cha hospitali kilisema nimeugua malaria, na mwishoni lilikuwapo neno moja la Kilatini: delirium. Afisa aliyekipokea akalitafsiri kwa wino mwekundu katika faili langu: "Wazimu." Faili hilo lilinifuata kila kituo nilikopelekwa. Mara mbili wenzangu walipandishwa cheo, mimi nikaachwa.

Kilatini nilikuwa nimekisoma sekondari, kwa hiyo nililijua neno lile. Limetokana na de, yaani kutoka, na lira, yaani tuta linaloinuka kati ya mifuo miwili ya plau. Delirare ni kutoka kwenye mstari wa kulima. Warumi walikuwa wakulima kabla ya kuwa watawala, na maneno yao mengi ya heshima yana udongo miguuni. Plinius aliandika kwamba mlimaji asiyeinama hupinda mstari, na kwamba neno la kosa hilo, praevaricari, lilihamia mahakamani kwa wakili anayesaliti upande wake.

Mimi nimeshika plau la ng'ombe kwetu Usukumani, najua jambo hilo lilivyo. Fahali anaumwa na mbung'o, anaruka pembeni, anamburuta mwenzake, nawe unaburutwa nao. Hakuna anayesema fahali yule ameharibika. Unapiga mluzi, unavuta kamba, mnarudi mlipoachia.

Ndivyo Celsus, aliyeandika juu ya tiba katika karne ya kwanza baada ya Kristo, alivyolitumia neno hilo kwa wagonjwa wanaopotewa na fahamu zao kwa homa. Madaktari wa leo nao huliita delirium lile tatizo la kuchanganyikiwa kwa ghafla, mgonjwa akizidiwa saa hii na kutulia saa ile, ambalo mara nyingi huondoka chanzo chake kikitibiwa.

Kwa mwenye wazimu wa kudumu Warumi walikuwa na maneno mengine. Sheria ya Mbao Kumi na Mbili, ya mnamo mwaka 450 kabla ya Kristo, ilimtaja furiosus, ambaye yeye na mali yake waliwekwa chini ya ndugu wa ukoo. Afisa wangu, pasipo kujua, alinihamisha kutoka shambani akanitia katika sheria hiyo.

Kiswahili hakikumnyima neno. Tunasema mgonjwa anaweweseka, na kila mama aliyekesha na mtoto mwenye homa analijua. Bali wazimu ni jamaa ya mzimu. Ukimwita mtu mwendawazimu umekwisha kumkabidhi kwa wasioonekana, na kumrudisha ni kazi.

Mwaka 1986 nilikwenda ofisini na kamusi ya Kilatini kwapani kuomba sahihisho. Karani alinisikiliza kwa adabu tangu tuta hadi fahali. Kisha akafunga faili, akaniuliza taratibu, "Mwalimu, siku hizi unapata usingizi?"