Mbuzi wa Baringo na ushahidi uliokuwa mdomoni

Miaka ipatayo ishirini imepita tangu mbuzi asiye na meno aletwe mahakamani jijini Nairobi. Alisafirishwa kutoka kando ya Ziwa Baringo, safari ya zaidi ya kilomita 250 kupitia Nakuru na Naivasha, ili awe kielelezo katika kesi ya kikatiba. Ombi hilo lilipewa namba 466 ya mwaka 2006. Walalamikaji walikuwa wananchi kumi, nao walisema kuwa serikali iliwaletea mti ulioua mifugo yao, ukafunga malisho yao na kuwanyima riziki. Mti wenyewe ni mathenge.

Habari ile ilizunguka dunia nzima ikachapishwa kwenye kona za vituko. Watu walicheka. Naandika makala haya kwa sababu nadhani kicheko kile kilitupotezea jambo kubwa.

Mathenge, ambao wataalamu huuita Prosopis juliflora, ni mti wa Amerika ya Kati na Kusini. Hapa Kenya ulipandwa mwaka 1973 huko Bamburi, Mombasa, kwenye machimbo ya chokaa ya kiwanda cha saruji ambayo René Haller alikuwa akiyageuza kuwa msitu. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 ukapelekwa Bura na Hola kando ya Mto Tana, na kipindi hichohicho ukafika Baringo kupitia mradi wa miti ya kuni uliosimamiwa na serikali pamoja na Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, FAO. Nia ilikuwa njema. Nchi tambarare ya Wailchamus, ambao wengine huwaita Wanjemps, ilikuwa imebaki vumbi tupu, na ukame wa 1984 ukaja kuzidisha shida. Mti unaostawi bila mvua, unaotoa kuni, kivuli na maganda matamu ya kulisha mifugo, nani angeukataa? Inasimuliwa kuwa jina mathenge lilitokana na ofisa aliyeileta miche. Waturkana wao wanauita etirae.

Kwa miaka kumi na kitu ulikaa kama mgeni mtulivu. Kisha zikaja mvua za El Niño za 1997 na 1998, maji yakabeba mbegu, na mifugo ikabeba zilizobaki. Mbegu ya mathenge ina ganda gumu, na ikipita tumboni mwa ng'ombe au mbuzi hutoka na samadi ikiwa nzima, tena imelainika tayari kuota. Hivyo mfugo ulioshiba maganda mtoni ulizipanda mbegu bomani, njiani na malishoni. Nyasi zikamalizwa. Vichaka vikafunga njia za kufika ziwani. Miiba ikawa inachoma kwato, inapasua magurudumu na kuacha majipu miguuni mwa watu.

Ila ni mdomo wa mbuzi uliofika mahakamani, na huo ndio ninaotaka tuuangalie kwa karibu.

Mbuzi hana meno ya mbele upande wa juu. Ana ufizi mgumu tu, na chini ana meno manane anayoyabana kwenye ufizi huo anapokata jani. Mfugaji huyajua meno hayo kama anavyovijua vidole vyake, kwa kuwa ndiyo yanayomwambia umri wa mnyama. Sokoni hashiki bei kabla hajaufunua mdomo. Mbuzi wa mwaka mmoja na kitu ana meno mawili makubwa, kisha yanakuwa manne, sita, na akifika miaka minne hivi mdomo umejaa manane. Mbuzi mzee hupukutika meno, hilo halina ubishi, na hakuna mfugaji asiyeweza kutofautisha uzee na ugonjwa. Kwa hiyo Wailchamus waliposema kuwa mbuzi wao wanang'oka meno kwa sababu ya maganda ya mathenge, walikuwa wakisema jambo wanalolifanyia kazi kila siku.

Maelezo yao yalikuwa rahisi. Ganda la mathenge limejaa sukari. Kiangazi, majani mengine yakiwa yameisha, mbuzi hula maganda asubuhi hadi jioni, miezi mfululizo. Sukari inanata kwenye meno na ufizi, meno yanaoza, yanalegea, yanatoka. Mnyama asiyeweza kukata jani hufa njaa huku majani yakiwa mbele yake. Walimleta mbuzi ili majaji wajionee, maana maneno yao yalikuwa yamesikika ofisi nyingi bila kuzaa kitu.

Kuna upande wa pili wa habari hii ambao kwetu haukutajwa sana, nao unahusu sumu. Huko kaskazini-mashariki mwa Brazil mti huuhuu ulipelekwa miaka ya 1940 kwa sababu zilezile, ukame na njaa ya mifugo. Wakulima wa huko wakaanza kuona ng'ombe waliokula maganda kwa miezi mingi wakitafuna kwa shida, wamegeuza kichwa upande mmoja ili chakula kisianguke. Ugonjwa wakauita cara torta, yaani uso uliopinda. Taya la chini linaning'inia, ulimi unatoka nje, udenda unachuruzika, na misuli ya shavu inasinyaa mpaka mfupa unaonekana chini ya ngozi. Ng'ombe anataka kula, anachukua chakula mdomoni, nacho kinaanguka. Anakonda hadi anakufa.

Madaktari wa mifugo walipopasua vichwa vya wanyama hao waliikuta sababu kwenye ubongo. Ndani ya maganda mna kemikali, mojawapo ikiitwa juliprosopini, inayoharibu chembe za fahamu zinazoamuru misuli ya kutafuna. Chembe zile hujaa matundu, zinakufa, na misuli inabaki bila amri. Mwaka 2000 watafiti wa Brazil walichapisha matokeo ya kuwalisha mbuzi maganda haya kwa miezi kadhaa, na mbuzi wakapata madhara yaleyale kwenye chembe zilezile. Huo ulikuwa mwaka wa sita kabla ya kesi ya Nairobi. Na si Brazil peke yake. Huko Texas, ambako ndugu wa mathenge ni mti wa asili, madaktari wa mifugo walikuwa wakiandika tangu miaka ya 1950 habari za ng'ombe walioshindia maganda, wakieleza shida ya taya na ulimi. Yaani kabla mche wa kwanza haujatiwa ardhini Baringo, maarifa kwamba maganda haya yakiwa ndiyo chakula pekee yanamlemaza mfugo yalikuwa tayari kwenye maandishi.

Sisemi kwamba mbuzi wa mahakamani alikuwa na cara torta. Meno kuoza ni jambo moja na fahamu kuharibika ni jambo lingine, ingawa yote mawili humfikisha mnyama palepale, kwenye mdomo usiofanya kazi. Ninachosema ni kwamba wafugaji walikuwa wameishika shida kwa mkono wa kulia. Waliangalia mdomoni, na mdomoni ndimo mlimokuwa na habari. Mtu aliyewacheka angeweza kufungua maandishi ya daktari wa mifugo badala ya kucheka.

Kipimo nacho kinajulikana. Maganda yakisagwa, mbegu zikavunjika, yakachanganywa na vyakula vingine kwa mgao mdogo, ni chakula kizuri cha mfugo, na mbegu iliyosagwa haioti. Taasisi ya utafiti wa misitu nchini, KEFRI, imekuwa ikihimiza usagaji huo. Lakini ushauri wa kusaga na kuchanganya unamhitaji mtu mwenye mashine na mwenye hicho chakula kingine cha kuchanganyia. Kiangazi huko Baringo hakuna kingine. Mbuzi anaokota ganda chini ya mti kwa sababu nyasi iliyokuwa hapo iliondolewa na mti huohuo.

Tukirudi kwenye kesi, majaji watatu walitoa hukumu mwaka 2007. Mwaka uliofuata mathenge ukatangazwa rasmi kuwa gugu hatari chini ya Sheria ya Kudhibiti Magugu Hatari, sura ya 325. Wengi walilipokea tangazo hilo kama ushindi. Mimi nalitazama kwa uchungu, kwa sababu sheria hiyo ya zamani inamtwika mwenye ardhi wajibu wa kuling'oa gugu. Mzee aliyeletewa mti na mradi, akaupanda kwa kuwa aliambiwa ni baraka, sasa ndiye anayetakiwa na sheria kuung'oa kwa panga na jembe. Mathenge ukikatwa juu huchipua tena kutoka kwenye kisiki, machipukizi mengi mahali pa shina moja, kwa hiyo panga peke yake ni kuupogoa tu. Lazima kisiki kichimbwe. Na mizizi yake ina sifa mbaya. Mzizi wa mti wa ukoo huu uliwahi kukutwa kwenye mgodi huko Arizona, Marekani, ukiwa umeshuka mita 53.

Tangu hapo kumekuwa na vikundi vya wachoma makaa, mipango ya kuzalisha umeme kwa kuni zake, semina na miradi. Ziwa nalo limepanda likameza vichaka vya ukingoni pamoja na nyumba na shule. Mti umezidi kusogea. Ng'ambo ya mpaka, huko Mwanga mkoani Kilimanjaro, wafugaji wa Tanzania wanaujua kwa jina la mrashia, na wataalamu wa Chuo Kikuu cha Sokoine wameshaonya kuwa umeanza kuingia malishoni. Hao wa Mwanga wangeambiwa mapema habari ya taya na ulimi, si habari ya kuni na kivuli peke yake.

Maganda huiva na kudondoka, ya rangi ya manjano hafifu, marefu kama kidole cha mkono na zaidi, matamu ukiyatafuna. Watoto huyaonja. Asubuhi mifugo ikifunguliwa zizini huyakimbilia kabla ya kitu kingine chochote, na mchungaji mwenye busara huwahi kuwafukuza pale chini ya mti na kuwapeleka mbali, kama kuna mbali pa kuwapeleka. Jioni akiwarudisha huwashika mmoja mmoja taya, anaufunua mdomo, anahesabu.